Wajerumani nao waliwahi kutawaliwa? Jibu kupitia Ufalme wa Westphalia, 1807–1813

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Shuleni tumefundishwa habari za Mjerumani kama mtawala: Tanganyika, Rwanda, Burundi, Kamerun. Juzi nimesoma kwamba miaka 80 tu kabla ya hapo Wajerumani wenyewe walikuwa chini ya Mfaransa, wakilipa kodi na kutoa vijana wao wakafie vitani. Ni kweli? Utawala huo uliendeshwaje hasa, na kwa nini ulivunjika upesi? Wengine wanasema Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliwakomboa wakulima wa huko, wengine wanasema aliwanyonya. Nani mkweli?"

Ni kweli kabisa. Kati ya 1806 na 1813 sehemu kubwa ya nchi tunayoiita leo Ujerumani ilikuwa chini ya mkono wa Paris, moja kwa moja au kupitia washirika. Na kati ya wale waliokwambia "aliwakomboa" na waliokwambia "aliwanyonya" hakuna mwongo. Kazi iliyopo ni kuona jinsi mambo hayo mawili yalivyofungwa pamoja, na jinsi moja lilivyolila jingine. Nitatumia Ufalme wa Westphalia kama mfano mkuu, kwa sababu kule ukombozi na unyonyaji vimeandikwa kwenye waraka mmoja: katiba ya tarehe 15 Novemba 1807. Ukisoma ibara zake chache tu, utaona mapema ufalme ule ungekwama wapi.

Kwanza tuliweke sawa neno "Ujerumani". Mwaka 1800 hapakuwa na nchi ya jina hilo. Palikuwa na Dola Takatifu la Kirumi, mwavuli wa tawala zipatazo 300: falme, himaya za maaskofu, miji huru, abasia zenye ardhi yake na raia wake, na vijitawala ambavyo mtu angevivuka kwa miguu kabla jua halijatua. Mkulima wa karibu na Kassel alikuwa mtu wa Hesse, mwenzake wa Magdeburg alikuwa raia wa Prussia, ufalme mkubwa wa kaskazini, na wa Braunschweig alikuwa na mtawala wake mwingine. Mfaransa hakuteka taifa moja kwa mpigo. Alikuta watawala wengi, kila mmoja ana cha kupoteza na cha kupata, akazungumza na kila mmoja kwa zamu.

Aliingia kwa hatua. Ukingo wa kushoto wa mto Rhine ulitekwa tangu miaka ya 1790 na ukakabidhiwa rasmi kwa Ufaransa kwenye mkataba wa Lunéville wa tarehe 9 Februari 1801. Ukagawanywa katika mikoa minne ya Kifaransa: Roer, Sarre, Rhin-et-Moselle na Mont-Tonnerre. Wakuu waliopoteza ardhi huko walitaka fidia, na fidia hiyo ilitolewa upande wa kulia wa mto kwa kulivunja Kanisa na miji huru. Azimio la Dola Takatifu la tarehe 25 Februari 1803 lilifuta tawala 112, na watu wapatao milioni 3 wakabadilishiwa mtawala. Zingatia jambo hili, kwa sababu vitabu vingi vinalipita haraka: watawala wa kati wa Kijerumani walikuwa wameshafaidi mabadiliko hayo miaka mitatu kabla ya utawala wa Napoleon kukamilika. Bavaria, Baden na Württemberg zilinenepa kwa ardhi ya maaskofu. Mtu aliyepata shamba kwa njia hiyo hana haja kubwa ya kumfukuza aliyempa.

Baada ya Napoleon kuzishinda Austria na Urusi huko Austerlitz tarehe 2 Desemba 1805 mambo yalikwenda kasi. Tarehe 1 Januari 1806 watawala wa Bavaria na Württemberg wakawa wafalme kamili. Tarehe 12 Julai wajumbe wa tawala 16 walitia saini Shirikisho la Rhine, Napoleon akiwa "mlinzi" wake. Tarehe 6 Agosti kaisari Franz II akavua taji la Dola Takatifu, na dola lililodumu karne nyingi likaisha kwa tangazo moja. Mikataba ikakazwa kwa ndoa: mtoto wa kambo wa Napoleon, Eugène, akamwoa binti wa mfalme wa Bavaria, Stéphanie de Beauharnais, binti aliyeasiliwa na Napoleon, akaolewa na mrithi wa Baden, na mwaka 1807 Jérôme, mdogo wa mwisho wa Napoleon, akamwoa Katharina, binti wa mfalme wa Württemberg.

Shirikisho hilo lilitakiwa kuwa na bunge lake Frankfurt. Halikukutana hata mara moja. Kilichofanya kazi kila siku ni orodha ya askari. Kila vita ya bara ambayo Ufaransa ingeingia ilihesabiwa kuwa vita ya wote, na kila mmoja aliandikiwa mgawo wake: Bavaria askari 30,000, Württemberg 12,000, Baden 8,000, Berg 5,000, Hesse-Darmstadt 4,000, na wadogo waliobaki kwa pamoja 4,000. Jumla 63,000. Saxony ilipojiunga Desemba 1806 ikaongeza 20,000. Mwanafunzi akiniuliza shirikisho hili lilikuwa nini, humwambia aanze na orodha hiyo kabla ya kusoma hotuba yoyote.

Kwa hiyo utawala ulikuwa wa namna tatu, na ukizichanganya hutaelewa kitu. Kuna maeneo yaliyounganishwa na Ufaransa moja kwa moja: ukingo wa kushoto wa Rhine, halafu kuanzia Desemba 1810 pwani ya kaskazini pamoja na Hamburg, Bremen na Lübeck. Kuna nchi mpya zilizobuniwa na kupewa jamaa wa Napoleon: Berg, aliyopewa shemeji yake Murat mwaka 1806, na Westphalia, aliyopewa Jérôme. Na kuna washirika kama Bavaria, waliobaki na watawala wao wa asili na mawaziri wao, mradi watoe askari na wafunge bandari kwa Mwingereza. Bavaria chini ya waziri Montgelas ilifanya mageuzi makubwa kwa akili yake yenyewe, ikatoa katiba tarehe 1 Mei 1808. Hakuna Mfaransa aliyekaa München akiiendesha.

Sasa Westphalia. Prussia ilipopigwa Jena na Auerstedt tarehe 14 Oktoba 1806, kisha amani ya Tilsit ikafungwa Julai 1807, Napoleon alibaki na vipande vingi mkononi: Hesse-Kassel, ambayo mtawala wake alikimbia, Braunschweig, ardhi ya Prussia magharibi ya mto Elbe, kusini mwa Hanover, na Osnabrück. Akavishona pamoja kuwa nchi moja yenye watu karibu milioni 2, mji mkuu ukiwa Kassel. Jina lenyewe linapotosha, maana sehemu kubwa ya Westphalia ya kihistoria haikuwemo. Jérôme alipoingia Kassel Desemba 1807 alikuwa na miaka 23. Hakuwa anajua Kijerumani.

Siku ile ile katiba ilipotolewa, Napoleon alimwandikia mdogo wake barua ambayo inafaa kujulikana. Alimwambia kwamba wanachokitaka watu wa Ujerumani ni kuona asiye kabaila mwenye kipaji akipata kazi sawa na kabaila, na kuona kila aina ya utwana ikiondoka. Kisha akatoa sababu: uongozi wa namna hiyo utamlinda dhidi ya Prussia kuliko mto Elbe, kuliko ngome, na hata kuliko jeshi la Ufaransa, kwa kuwa aliyeuonja hatataka kurudi chini ya mkono wa zamani. Yaani haki ziwe ukuta wa mpaka. Naamini alimaanisha alichoandika. Hesabu ya kisiasa ilikuwa nzuri.

Na kweli mengi yalifanyika. Utwana wa kila jina ulifutwa. Wote wakawa sawa mbele ya sheria. Sheria ya Madai ya Napoleon ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1808. Nchi ikagawanywa katika mikoa 8 iliyopewa majina ya mito na milima ili kumbukumbu za watawala wa zamani zifutike: Elbe yenye makao Magdeburg, Fulda Kassel, Harz Heiligenstadt, Leine Göttingen, Oker Braunschweig, Saale Halberstadt, Werra Marburg na Weser Osnabrück. Kila mkoa ukawa na prefekti, yaani mkuu wa mkoa, chini yake wilaya, kisha kantoni, kisha meya wa kijiji au mji. Amri iliyotoka Kassel ilishuka ngazi hizo nne bila kupita kwa kabaila yeyote. Kabla ya hapo, katika vijiji vingi, mwenye ardhi ndiye aliyekuwa hakimu, polisi na mkusanya ushuru kwa pamoja. Magazeti na sheria vilichapwa kwa lugha mbili, Kifaransa upande mmoja na Kijerumani upande wa pili, na anayezifungua nyaraka hizo leo anauona utawala wote kwenye ukurasa mmoja: safu mbili, sheria moja.

Wayahudi walipata usawa kamili kwa amri ya tarehe 27 Januari 1808, mapema kuliko sehemu nyingine nyingi za Ujerumani. Kodi maalumu walizotozwa kwa kuwa Wayahudi zikaisha. Israel Jacobson, mfanyabiashara wa Braunschweig, akawa rais wa baraza lao Kassel, na tarehe 17 Julai 1810 alifungua huko Seesen nyumba ya ibada yenye kinanda na mahubiri kwa Kijerumani, jambo ambalo halikuwa limezoeleka katika sinagogi. Historia ya mageuzi ya ibada ya Kiyahudi inaanzia pale, ndani ya ufalme ambao watu wengi wanaukumbuka kwa karamu za mfalme wake tu.

Bunge nalo lilikuwepo: wajumbe 100, kati yao 70 wenye ardhi, 15 wafanyabiashara na wenye viwanda, 15 wasomi na raia wenye sifa. Lilikutana mwaka 1808 na 1810, halikuitwa tena.

Mpaka hapo ni ukombozi. Sasa rudi kwenye katiba ile ile, ibara za mwanzo, kabla hata haki za raia hazijatajwa. Napoleon alijiwekea nusu ya mashamba yote yaliyokuwa ya watawala wa zamani. Halafu ikaandikwa kwamba ufalme utatoa askari 25,000: wa miguu 20,000, wapanda farasi 3,500, wa mizinga 1,500. Kwa miaka ya kwanza ungetoa nusu, na nusu ya pili, yaani 12,500, wangekuwa Wafaransa wanaokaa kwenye ngome ya Magdeburg. Lakini mshahara, chakula na nguo za Wafaransa hao zingelipwa na Westphalia. Juu ya hayo, michango ya vita ambayo ilikuwa haijalipwa tangu 1806 ilihamishiwa kwa ufalme mpya kama deni. Nchi ilizaliwa ikidaiwa na aliyeizaa.

Tuyakaribie mashamba yale, maana ndiyo kiini cha jibu langu. Katika tawala hizi za Kijerumani, mashamba ya mtawala yalikuwa nguzo ya hazina: kodi za wapangaji, nafaka, misitu, vinu vya kusaga. Kuchukua nusu yake ni kuchukua mapato ambayo serikali haiwezi kuyafidia isipokuwa kwa kuwatoza watu zaidi. Napoleon hakuyaweka mashamba hayo kwake mwenyewe. Aliyagawa kama zawadi kwa majenerali na maofisa wake, ambao wengi wao waliishi Ufaransa na walitaka fedha tu kila mwaka.

Hapo ndipo ukombozi wa mkulima ulipokwama, na utaratibu wake ni huu. Sheria ilitenganisha mizigo ya aina mbili. Mzigo wa mtu mwenyewe, kama kuomba ruhusa ya kuoa, watoto kulazimika kuwa watumishi wa nyumba ya kabaila, au kazi za sulubu zisizo na kipimo, ulifutwa bila malipo. Mzigo ulioshikamana na ardhi, kama fungu la mavuno, ada ya mwaka na kazi za siku zilizopimwa, ulibaki. Mkulima aliruhusiwa kuukomboa kwa kulipa kwa mkupuo thamani ya takriban miaka 20 hadi 25. Chukua hesabu ya mfano: kama nafaka anayotoa kila mwaka ina thamani ya faranga 12, kwa kiwango cha miaka 25 atahitaji faranga 300 taslimu. Mkulima huyo anatoka kwenye vita, amelisha farasi wa majeshi mawili au matatu yaliyopita, na hakuna benki ya kumkopesha. Wengi hawakuweza. Wakabaki watu huru kisheria, huku gunia likiendelea kwenda ghala lile lile.

Je, serikali ingeweza kushusha kiwango au kufuta mizigo hiyo kabisa, kama Mapinduzi yalivyofanya Ufaransa mwaka 1793? Hapana, kwa sababu mapato ya mashamba waliyopewa majenerali yalikuwa ni mizigo hiyo hiyo. Kumfungulia mkulima ni kumkata jenerali riziki yake, na jenerali alikuwa na mlango wa kulalamika Paris. Waziri wa Kassel aliyetaka kuitekeleza barua ya Napoleon kuhusu haki alikuwa anagongana na zawadi za Napoleon huyo huyo. Hali ilikuwa hivyo hivyo kwa makabaila wa nchini: ufalme uliwahitaji bungeni na ofisini, kwa hiyo nao hawakuguswa mifukoni. Nimeona wanafunzi wakiandika kwamba mageuzi yalishindwa kwa sababu Wajerumani walikuwa wazito wa kubadilika. Ukifuata fedha, maelezo hayo hayasimami.

Hazina ilijaribu kila dawa inayojulikana. Mwaka 1808 ukatangazwa mkopo wa lazima kwa wenye mali. Kodi za ardhi na za kichwa zikapandishwa. Vyuo vikuu vya Helmstedt na Rinteln vikafungwa ili kubana matumizi. Göttingen, Halle na Marburg vikabaki. Mwaka 1810 nyumba za watawa zilizobaki zikafutwa na mali zake kuuzwa. Hazina ilianza mikononi mwa Beugnot, Mfaransa, kisha ikashikwa na Bülow, Mjerumani, kisha Malchus, Mjerumani pia, na mwaka 1812 serikali ilikata deni lake la ndani mpaka theluthi moja. Aliyekuwa na hati ya faranga 900 aliamka na hati ya 300. Watu wa kwanza kuumia walikuwa wajane, mifuko ya shule, na wafanyabiashara wa kati, yaani tabaka lile lile ambalo barua ya 1807 ilitaka kulivuta. Matumizi ya kasri la Jérôme yalikuwa makubwa kweli, na watu walimpachika jina la "Mfalme Raha". Lakini fungu la mfalme lilikuwa faranga milioni 5 kwa mwaka, na hata angekula mkate mkavu, mzigo wa jeshi na mashamba yaliyotolewa ungeizamisha hazina vilevile.

Ukaja mtego wa Hanover. Januari 1810 Napoleon alimwongezea Jérôme eneo hilo, na pamoja nalo mashamba zaidi yaliyokwisha kutolewa zawadi kwa majenerali, na wapanda farasi wa Kifaransa zaidi wa kuwalisha. Desemba mwaka huo huo akainyakua sehemu yote ya kaskazini ili kufunga pwani, ikaunganishwa na Ufaransa. Ardhi ilirudi, madeni hayakurudi yote.

Kufunga pwani kulitokana na marufuku ya kufanya biashara na Uingereza, iliyotangazwa Berlin tarehe 21 Novemba 1806. Hapa usihukumu haraka, maana iliwagawa Wajerumani. Wafumaji wa pamba wa Saxony walipumua, kwa kuwa nyuzi za Kiingereza zilipungua sokoni. Wenye viwanda vya Aachen na Krefeld, waliokuwa ndani ya mpaka wa Ufaransa, walipata soko kubwa. Lakini Berg, ng'ambo tu ya mto, ilibaki nje ya ukuta wa ushuru wa Kifaransa: visu na vyuma vya Remscheid na nguo za Elberfeld na Barmen zilikosa masoko ya Ufaransa na Italia, hadi wenye viwanda wa huko wakaomba waunganishwe na Ufaransa moja kwa moja. Waliotaka kumezwa na dola la kigeni walikuwa wakiona hesabu zao za mauzo. Bandarini hali ilikuwa mbaya zaidi. Magendo yalistawi kupitia kisiwa cha Heligoland, kilichoshikwa na Waingereza mwaka 1807. Agosti 1810 amri ya Trianon iliweka ushuru wa faranga 400 kwa kila kilo 100 za kahawa, na Oktoba ikaamriwa bidhaa za viwanda vya Kiingereza zichomwe hadharani. Frankfurt ilishuhudia marobota yakiteketea. Jikoni, badala ya kahawa, watu walikunywa mzizi wa chikori uliokaangwa na kusagwa, ambao viwanda vya Braunschweig na Magdeburg viliutengeneza kwa wingi. Mama wa nyumba hakuhitaji gazeti kujua nani anatawala, kikombe kilimwambia.

Kuhusu askari. Sheria iliwahusu vijana wa miaka 20 hadi 25, na jina la atakayekwenda lilipatikana kwa kura. Mwenye uwezo aliruhusiwa kumlipa mtu mwingine aende badala yake, kwa hiyo mzigo ulishukia maskini. Kwenye karatasi huu ulikuwa usawa: mtawala wa zamani wa Hesse-Kassel alikuwa maarufu kwa kuwakodisha raia wake, na Uingereza iliwatumia katika vita vya uhuru wa Marekani. Lakini jeshi la zamani lilichukua baadhi. Kura ilifika kila nyumba. Askari wa Westphalia walikufa Hispania kwenye mazingiwa ya Girona mwaka 1809, kisha mwaka 1812 wakaingia Urusi kama sehemu ya Jeshi Kuu, zaidi ya 20,000. Jérôme mwenyewe aliacha vita Julai baada ya kugombana na Marshal Davout, jemadari wa Napoleon, akarudi Kassel. Watu wake waliendelea hadi Borodino na Moscow. Waliorudi walihesabika kwa mamia. Württemberg ilipeleka karibu 16,000, nayo ikapata mamia tu.

Upinzani ulianza kabla ya hapo, ila usiukuze kuliko ulivyokuwa. Aprili 1809 kanali Wilhelm von Dörnberg, aliyekuwa ofisa wa walinzi wa Jérôme mwenyewe, aliongoza wakulima na askari wa zamani wa Hesse kuelekea Kassel. Mizinga michache ikawatawanya njiani. Siku chache baadaye meja Schill wa jeshi la Prussia alitoka Berlin na kikosi chake bila amri, akauawa Stralsund tarehe 31 Mei, na maofisa wake 11 wakapigwa risasi Wesel mwezi Septemba. Mtawala wa Braunschweig aliyenyang'anywa nchi alivuka Westphalia nzima na askari wake waliovaa nyeusi, akashinda Halberstadt mwishoni mwa Julai, akafika baharini na kupanda meli za Kiingereza. Watu walimshangilia njiani, lakini wachache walibeba silaha kumfuata. Sehemu kubwa ya hasira ilikuwa ya kodi na kura, na wengi waliopigana walitaka mtawala wao wa zamani arudi. Berg mwezi Januari 1813 ni mfano mzuri: vijana walioandikishwa tena baada ya balaa la Urusi walivamia ofisi kwa marungu, wakachoma orodha za majina. Walilenga orodha kwa sababu walijua kilichokuwa kikiwaua.

Jérôme aliliona hilo mapema. Desemba 1811 alimwandikia kaka yake kwamba vita ikilipuka, nchi zote kati ya Rhine na Oder zitawaka, na kwamba chanzo si chuki ya wageni peke yake bali kukata tamaa kwa watu wasiobakiwa na cha kupoteza. Napoleon hakubadili kitu. Tarehe 28 Septemba 1813 Makosaki, wapanda farasi wa Kirusi, wa jenerali Chernyshev walitokea Kassel, mfalme akatoroka, mji ukasalimu amri baada ya siku mbili. Alirudi kwa siku chache katikati ya Oktoba, kisha akaondoka moja kwa moja tarehe 26. Kwa wakati huo Bavaria ilikuwa imeshahama upande kwa mkataba wa Ried wa tarehe 8 Oktoba, na askari wa Saxony walikuwa wamehamia kwa adui katikati ya mapigano ya Leipzig, ambako Napoleon alishindwa mwezi huo huo. Mfalme wa Bavaria alibaki na taji lake, na ardhi aliyoirudishia Austria alifidiwa kwingine. Mfalme wa Saxony, aliyechelewa kuhama, alikamatwa na baadaye akapoteza nusu ya nchi. Tofauti kati yao ilikuwa siku chache.

Ulitaja Tanganyika, kwa hiyo niseme neno. Usilinganishe tawala hizi mbili moja kwa moja. Mtu wa Kassel mwaka 1808 alikuwa raia mwenye haki sawa kisheria na Mfaransa aliyekaa mjini kwake, akiweza kuwa jaji, prefekti au waziri. Mtu wa Tanganyika chini ya Mjerumani hakuwa na nafasi hiyo, na kiboko na kazi za lazima havikupitia katiba yoyote. Kinachofanana ni hazina inayotazama nje: kodi kukusanywa hapa kwa ajili ya matumizi yaliyoamuliwa kwingine, na watawala wa kati wanaobaki waaminifu maadamu nao wanapata fungu.

Baada ya 1813 kila sehemu ilirudi nyuma kwa kipimo chake. Hesse-Kassel ilikwenda mbali kuliko zote. Mtawala wake wa zamani alirudi akatangaza kwamba ufalme ule ulikuwa unyang'anyi mtupu. Maofisa walirudishwa kwenye vyeo walivyokuwa navyo 1806, na askari wakaamriwa kufuga tena mkia wa nywele kisogoni kama zamani. Waliokuwa wamenunua mashamba ya serikali kwa fedha halali, wakiwa na hati zenye mhuri wa Jérôme, walinyang'anywa, na kesi zao ziliburutwa mahakamani kwa miongo. Prussia, iliyochukua ukingo wa Rhine, ilijaribu kuleta sheria zake na ikapingwa na mawakili, wafanyabiashara na majaji wa huko, ambao walishazoea kesi kusikilizwa hadharani, raia kukaa kama wazee wa baraza mahakamani, na mkataba kuwa mkataba bila kujali cheo. Prussia ikaiacha sheria ya Kifaransa iendelee. Huko, na pia Baden katika tafsiri yake, iliendelea kutumika hadi tarehe 1 Januari 1900, siku ambayo sheria moja ya madai ya Ujerumani nzima ilipoanza kazi.